Mashine Iliyovuta Pumzi

Mkono wa kwanza ulitokea asubuhi kweupe, jua limejaa dirishani na redio ya chumba cha mbele inasoma salamu za wasikilizaji. Mashine ya kudarizi ilikuwa imeagizwa ishone nembo ya shule: ngao ya buluu, kitabu cha njano, mwenge mweupe. Badala yake ilichagua uzi mwekundu, ikashona taratibu, kwa adabu kabisa, kiganja cha mkono wa kushoto kilichokunjuliwa. Ilimaliza kidole gumba. Ilipofika kidole cha shahada ikaishia kwenye kiungo cha kati, uzi ukajisokota hapo fundo juu ya fundo, kisha sindano ikaruka na kuendelea na vidole vilivyobaki kana kwamba hakuna lililotokea.

"Dada!" Kasuku, fundi wa mashine hiyo, akaita. "Njoo uone mambo yako."

Yalikuwa mambo ya dada kweli, kwa sababu ndiye aliyeifungua kompyuta inayoiendesha mashine jana yake na kuitia diski mpya. Mtaani walimwita Mama Waya. Alikuwa na stashahada ya chuo ukutani na watoto wa kulisha nyumbani, na hakuwa na muda wa mashetani. Alikuja akifuta mikono, akakiangalia kitambaa, akakigeuza, akaangalia upande wa pili.

"Makosa ya usomaji," alisema. "Kitoe."

"Makosa ya usomaji yana kucha?"

Ni kweli, mkono ulikuwa na kucha. Vijistari vidogo vyekundu, kimoja kwa kila kidole, isipokuwa kile kilichokatika.

Mashine ile ilikuwa ya shangazi yao. Alipokufa aliwaachia chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, kompyuta ya zamani yenye kioo cha kijani, na mashine yenyewe, nzito kama jeneza, yenye kichwa cha sindano nyingi na kila sindano na rangi yake. Kasuku, mdogo mtu, ndiye aliyekaa nayo tangu akiwa msichana. Jina alilipata kwa mdomo, lakini riziki aliipata kwa vidole. Alikuwa na mikono ambayo mafundi wa mtaa mzima waliionea wivu.

Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu ndogo kama kijiko. Ilichota mishono kidogo kutoka kwenye disketi, ikaimimina kwenye mashine, kisha ikarudi kuchota tena. Kila rangi ilipokwisha, mashine ilisimama, sindano zikiwa juu, huku kile kisanduku kinachomeza disketi, ambacho pale dukani walikiita mdomo, kikinguruma: krr, krr. Krr, krr. Ndipo Kasuku alipoingiza mikono chini ya sindano. Wa kushoto ulinyanyua nyuzi zilizoning'inia, wa kulia ulikata kwa mkasi mdogo. Mngurumo ulipokaribia kuisha, mikono ilikuwa imeshatoka. Hakuwa anatazama. Miaka yote hiyo alifanya hivyo akipiga soga.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Kasuku alizoea kumlalamikia shangazi enzi za uhai wake. "Tununue diski ngumu, iwe inashona moja kwa moja."

"Na haraka, mwanangu, huumiza nini?" shangazi alimjibu. "Iacheni mashine ivute pumzi."

Walicheka. Mtu mzima hapendi vipya, walisema. Na siku za mwisho, akiwa kitandani, alimshika Mama Waya kwenye kifundo cha mkono na kumwambia, "Mdogo wako ana mikono yenye haraka kuliko macho yake. Nakuachia wewe." Mama Waya aliitika ndiyo, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Lakini maneno yale hayakumtoka. Katika dunia hii aliogopa vitu vichache, na kimojawapo kilikuwa kuona kidole cha mdogo wake kikidondoka mezani. Kasuku bila vidole angekuwa nani? Mdomo tu.

Sasa disketi zilikuwa zimeota kuvu. Nembo ilikatikia katikati, kitabu bila mwenge, mwenge bila mpini, na sweta zilizoharibika zilirundikana kwenye kona. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mwalimu mkuu alishapita mara kadhaa, akisimama mlangoni na kukohoa kile kikohozi chake cha kudai. Kwa hiyo Mama Waya akaleta diski ngumu, mpya, bado ndani ya mfuko wake. Akaifunga kwa skrubu, akainakili nembo kutoka kwenye disketi nzima iliyobaki, akaweka toleo jipya la programu. Akaendesha ukaguzi wa disketi zote, zile mbovu nazo, aokoe alichoweza.

Na asubuhi iliyofuata ukatoka mkono.

"Sikilizeni," alisema, kwa sababu fundi wa chumba cha mbele naye alikuwa ameshaingia kutazama. Huyo walimwita Pima, kwa kuwa hakuweza kuzungumza na mtu bila kumpima kwa macho kiuno na mabega. "Kompyuta ukiiambia ifute kitu, haikifuti. Inabandua lebo tu, mzigo unabaki ghalani. Jana nilipokagua disketi, ikaokota vipande visivyo na mwenyewe, ikavipa namba. Shangazi alipokuwa anajifunza mashine alichora mkono wake kwenye ubao wa kuchorea wa kompyuta. Akaufuta. Leo umerudi. Basi."

"Na kidole?" Pima akauliza.

"Kuvu imekila."

"Kuvu hiyo inachagua kweli. Imeacha kucha zote ikafuata kidole kimoja."

"Pima, kashone suruali."

Kasuku hakucheka. Alilaza kiganja chake cha kushoto juu ya ule mkono mwekundu. Ukalingana, gumba kwa gumba, kifundo kwa kifundo. Kidole chake cha shahada peke yake ndicho kilichopita fundo la uzi na kulala juu ya kitambaa kitupu.

"Shangazi alikufa na vidole vyake vyote," alisema. "Nilimkata kucha mwenyewe wiki ile ya mwisho. Huu si wake, dada. Huu ni wangu."

"Mmefanana mikono. Kila mtu husema."

"Basi ufute. Mpaka ufutike huo mkono, mimi siweki sweta ya mtu humo. Mikono hii ndiyo jembe langu."

Mama Waya akavifuta vile vipande vyote vyenye namba. Akakagua tena, diski safi kama sahani iliyooshwa. Akaita nembo ya shule, akaiona kwenye kioo: ngao, kitabu, mwenge. Akabonyeza.

Mashine ikashona mkono.

Mahali palepale, kona ya chini kushoto ya fremu inayokaza kitambaa. Mishono ileile, fundo lilelile. Kwenye kioo nembo ilikuwa bado inang'aa, ngao na kitabu na mwenge, huku sindano ikichora kucha.

Fundi mzuri hapigani na kifaa, anakiuliza. Hivyo ndivyo walivyofundishwa chuoni, na Mama Waya aliuliza kila swali alilolijua. Alibadilisha waya unaounganisha kompyuta na mashine. Alizichukua disketi nyumbani akazisoma moja moja kwenye kompyuta yake, watoto wakimning'inia mabegani. Hakuna iliyokuwa na mkono. Alirudisha toleo la zamani la programu, halafu jipya tena. Alitafuta kirusi. Kila jibu lilikuwa hapana. Na kila alipobonyeza, mashine ilipumua kidogo, ikachagua nyekundu, ikaenda kwenye ile kona.

"Labda imeipenda rangi," alisema Pima kutoka chumba cha mbele.

Wazo hilo Mama Waya hakulidharau. Alichomoa kijiti cha uzi mwekundu, akakiweka mfukoni. Sindano ya nyekundu ikabaki tupu, tundu lake likitazama.

"Tuone sasa utashona na nini."

Akabonyeza. Sindano tupu ikashuka. Ikaenda kona ya chini kushoto, tk tk tk, ikapanda na kushuka juu ya kitambaa cheupe bila kuacha hata unyuzi. Ilipomaliza, kitambaa kilionekana kitupu. Kasuku akakitoa kwenye fremu, akakiinua kuelekea dirishani.

Jua lilipita kwenye vitundu. Mkono ulikuwa pale, umechorwa kwa nuru. Na pale kidole kilipokatikia, sindano ilikuwa imepiga mara nyingi mno mahali pamoja hata kitambaa kimetoboka, tundu la ukubwa wa punje ya mtama.

Redio ya mbele ilikuwa inasoma salamu.

Mama Waya akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Sawa. Nakwangua mpaka chini."

Kubandua lebo hakukutosha. Sasa aliunguza ghala. Aliifuta diski ngumu yote, kila pembe, kazi iliyokula asubuhi nzima, akaketi pembeni akiitazama kama mtu anayelinda maziwa yasifure. Akapanga kila kitu upya: mfumo, programu, nembo. Halafu akafanya jambo ambalo alikuwa hajalifanya. Alikifungua kisanduku cha kompyuta na kuutoa mdomo. Aliuchomoa waya zake, akalegeza skrubu, akautia ndani ya begi lake la vifaa chini ya meza. Pengo lililobaki akaliziba kwa kipande cha kadibodi alichokikata kwenye boksi la nyuzi.

"Kama uchafu unaingilia hapo, hauingii tena," alisema. "Nyumba isiyo na mlango haina mgeni."

"Na haina pa kutokea," Pima akajibu, lakini alijibu kwa sauti ndogo.

Akaita nembo. Akabonyeza. Mashine ikafikiri. Ikachagua buluu. Ikaanzia katikati ya fremu kuelekea kushoto, ikashona mshono wa kwanza wa ngao, wa pili, ikashika kasi.

"Ehee!" Kasuku akapiga makofi. "Simamisha, simamisha! Niletee sweta."

Uso wake ulifunguka kwa mara ya kwanza tangu ule mkono wa kwanza. Akavalisha sweta kwenye fremu, akaivuta pembe zote ikakaza kama ngoma, akaketi kwenye stuli yake na mkasi wake mdogo kidoleni. Pima naye akaegemea mlango. Mashine ikaanza upya, buluu, na sauti yake ilikuwa tamu, laini, haijikwai popote.

"Mwalimu mkuu akija leo," alisema Kasuku, "namwambia akohoe tena, safari hii nimkoholee na mimi."

"Yule bega lake moja liko juu," alisema Pima. "Nimeliona. Koti lake litakuwa linamvuta upande."

"Bega gani?"

"La kulia. Ni kubeba chaki miaka yote."

Kasuku akageuka kumcheka. Mama Waya alikuwa ng'ambo ya meza, anakusanya bisibisi zake. Akakiokota kile kitambaa chenye vitundu akikusudia kufutia vumbi kisha akitupe, na kwa kuwa alikuwa na desturi ya kukagua kitu kabla ya kukitupa, akakiinua dirishani mara ya mwisho. Mkono wa nuru ulimwangalia. Kwa nyuma yake, kupitia kitambaa chembamba, aliona fremu ya mashine, na sweta, na kivuli cha mkono wa mdogo wake ukisogea kuelekea kona ya chini kushoto.

Kona ileile. Kiganja kimekunjuliwa vilevile.

Ngao ilikuwa inakwisha. Kasuku alikuwa bado amegeukia mlangoni, anacheka bega la mwalimu mkuu, na mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda miaka yote, kunyanyua nyuzi wakati mashine imesimama kuchota. Macho hayakuwa na kazi hapo. Masikio ndiyo yaliyokuwa yakiulinda mkono ule, na masikio yalikuwa yamezoea mngurumo. Na mngurumo ulikuwa ndani ya begi, chini ya meza.

Mashine hii haikuwa na haja ya kusimama tena. Mama Waya mwenyewe aliiondolea pumzi, akakaza na skrubu.

Alinyoosha mkono juu ya meza, haukufika. Meza ilikuwa katikati yao, swichi ilikuwa ukutani nyuma ya stuli, na kichwa cha mashine kilishalia ko! kikibadili kutoka buluu kwenda njano. Sindano ya njano ikajipanga juu ya kidole cha shahada cha Kasuku, juu ya kiungo cha kati hasa.

Krr, krr.

Sindano ikasimama hewani.

Krr, krr. Krr, krr.

Ulitoka kwenye kompyuta, nyuma ya kadibodi. Mngurumo uleule, wenye kikwaruzo kidogo mwishoni kama mtu mzima anayesafisha koo. Kioo kilikuwa kimeacha ukurasa wa programu mpya. Kilikuwa cheusi, na juu yake, kwa maandishi ya kijani ya lile toleo la zamani, neno moja: SUBIRI.

Kasuku akanyanyua uzi, akakata. Akanyanyua mwingine, akakata. "Na suruali zake je?" alimuuliza Pima. Mngurumo ulipoanza kufifia akautoa mkono, akaupangusa kwenye sketi. Kimya kikapita, kifupi kama kope inavyopepesa. Kisha sindano ya njano ikashuka, tk tk tk, ikaanza kushona kitabu mahali kidole kilipokuwa.

Mama Waya aliizunguka meza na kung'oa waya wa umeme ukutani kwa nguvu hata soketi ikatoa cheche.

"We dada!" Kasuku akaruka. "Wazimu? Umeniharibia sweta!"

"Lete mkono."

"Nini?"

"Lete mkono hapa!"

Alimshika kidole kimoja kimoja, akavibonyeza kama mtu anayechagua bamia. Vyote vilikuwepo. Vya moto, vyote, na kidole cha shahada kina alama ya wino tu. Kasuku alianza kucheka, halafu akauona uso wa dada yake akaacha.

"Kuna nini?"

"Umesikia nini sasa hivi, kabla hujatoa mkono?"

"Nimesikia nini? Mdomo ulikuwa unasoma disketi. Kwani..."

Hapo ndipo na yeye alipoitazama kadibodi. Ilikuwa pale pale, na mkanda wa gundi juu yake haukuwa umebanduka. Akatazama kompyuta, akatazama mashine, akatazama ile njia fupi kati ya sindano na mahali kiganja chake kilipokuwa kimelala. Akairudisha mikono yake kifuani, mmoja umeufunika mwenzake.

"Nimeusikia na mimi," alisema Pima mlangoni. Hakumpima mtu. Alikuwa anatazama sakafu.

Chumba cha mbele redio iliendelea na salamu. Mtu alikuwa anamsalimia mjomba wake na wote wanaomfahamu.

Mama Waya ndiye aliyeanza kusogea, kwa sababu alikuwa mtu wa kusogea. Alibandua kadibodi. Nyuma yake kulikuwa na pengo tupu, giza dogo lenye harufu ya vumbi na waya zilizoning'inia bila pa kushika. Aliingiza vidole vyake ndani, akapapasa mpaka mwisho. Hakuna kitu.

"Naitoa diski ngumu," alisema. "Narudisha mdomo. Disketi mpya nitatafuta kokote ziliko, nitanakili nembo kwa mkono ikibidi. Na mwalimu mkuu akikohoa, akohoe."

"Itakuwa polepole tena," alisema Kasuku, lakini hakulalamika. Alisema akilitazama dirisha.

"Itakuwa polepole. Na siku mashine hii itakapokaa kimya ikibadili rangi, hata mara moja, usiingize mkono. Unasikia? Wewe na masikio yako hayo."

"Nasikia."

"Sema tena."

"Nasikia, dada."

Mama Waya akachukua bisibisi. Akalegeza skrubu alizozikaza mwenyewe, akaitoa ile diski mpya na kuilaza mezani, baridi na inayong'aa, haijui kitu. Kisha akainama chini ya meza, penye kivuli, akalivuta begi lake. Mdomo ulikuwa chini kabisa, chini ya koleo na koili ya waya, kama alivyouweka, hauna waya wala umeme.

Aliutoa kwa mikono miwili, na nusura auangushe.

Ulikuwa wa moto. Moto ule wa kifaa kilichotoka kufanya kazi sasa hivi, unaojulikana na kila fundi. Mama Waya akabaki amechuchumaa pale, ameushika kifuani, akihisi joto lake likipita kwenye blauzi.

"Dada?" Kasuku akauliza kutoka juu. "Umeuona?"

"Nimeuona," alisema. "Nipe skrubu."